Mume wangu amegeuza siri yangu kuwa mzaha wa meza. Nyinyi huona mzaha umepita mpaka wakati gani?

ua_la_jioni:

Hamjambo wadau. Huwa nasoma tu humu siandiki, lakini leo imebidi, na mniwie radhi ikikua ndefu juu sina mtu naeza ambia hii stori bila ifike kwao ama ifike kwetu.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, tunakaa Kahawa West, huu ni mwaka wa nane na baba yake. Arusi hatujafanya lakini alienda kwetu akapeleka mbuzi za kwanza kwa hivyo wazee wanamtambua. Si mtu mbaya, nasema hiyo mapema juu najua kuna wenye watakuja na toka, toka, umngoje nini. Hanipigi, hajawai lala nje, kodi inalipwa tarehe tano, mtoto akiskia mlango saa mbili usiku anaruka kama amemwagiwa maji.

Shida ni hii. Mimi sikusoma sana. Baba alifariki nikiwa darasa la sita, hiyo ni 1999, na siku hizo shule ya msingi ilikuwa ya kulipa, ukikosa unatumwa nyumbani. Nilitumwa mara tatu, mara ya nne sikurudi. Nikaletwa Nairobi kazi ya nyumba huko Buruburu. Masomo ya bure yakaja 2003 Kibaki alipoingia, mimi niko na miaka 16 nimebeba mtoto wa watu mgongoni naskia kwa redio watoto wanaitwa warudi shule. Kiswahili nasoma na naandika, hii ni mimi naandika, ni Kiingereza ndio kilibaki nyuma.

Huyu jamaa mara ya kwanza kunitoa alinipeleka hoteli tao, zile za viti vya kitambaa. Menyu yote Kiingereza. Niliogopa kuuliza, nikaweka kidole kwa laini ya chini kabisa nikaambia weita aniletee hiyo. Kumbe hapo palikuwa pameandikwa ati bei imejumlisha VAT, ile kodi ya serikali. Weita akaanza kutabasamu. Jamaa akachukua ile menyu polepole akasema, hapa watu hufuata pilau, tuletee mbili. Basi. Hakuniangalia na macho ya kunisoma, hakuuliza kitu. Tukiwa kwa steji tunangoja gari ndio nikamwambia yote, baba, shule, Buruburu. Akanishika mkono mpaka tukafika Githurai. Mimi hiyo siku ndio niliamua huyu ni wangu.

Sasa hiyo hiyo stori ndio ameanza kuchekesha watu nayo.

Ilianza kidogo kidogo nyumbani, ananiita profesa. Sikujali. Mwezi uliopita kulikuwa na bathdei ya mwenzake wa kazi, tukaenda choma hapo Roysambu, meza kama watu kumi na wawili, mabibi wengine wamesoma wengine ni wakubwa wa maofisi. Weita analeta menyu, yeye anainua sauti, "Usimpe huyu wangu, huyu aliwahi agiza VAT robo na ugali." Watu walicheka mpaka mmoja akamwaga soda. Na mimi nilicheka! Hiyo ndio inaniuma zaidi, nilicheka nikashika mdomo kama mtu ameskia kitu tamu. Nyama ilikuja sikuweza kumeza. Kwa gari nikamwambia umeniaibisha, akasema, "Hata mzaha huelewi, ndio ujue shule ni muhimu."

Ningenyamaza hapo. Lakini wiki jana mtoto, yuko gredi ya tatu, ana homuweki ya Kiingereza, nikavuta kiti nimsaidie juu tangu Januari naenda darasa la jioni la watu wazima na hiyo kurasa nilikuwa naijua. Mtoto akavuta kitabu akaniambia, "Wacha baba akuje, wewe ni wa VAT."

Nimekosa usingizi siku sita. Nauliza tu, nimekuwa mwepesi wa kukasirika ama hapa pamepitwa? Na ni wapi ndio ilipitwa, hapo choma, ama kwa gari, ama kwa mtoto?

Msee_wa_Jericho:

Dada pole sana. Acha nikujibu na kitu najua vizuri kuliko vitabu, mchongoano, ule mchezo wa kutaniana kwa maneno.

Nimezaliwa Jericho nimelelewa Jericho. Jioni tulikuwa tunakaa kwa ukuta karibu na bomba la maji, maboi kama kumi na tano, na kazi ni moja tu, kuchongoana mpaka giza liingie mama aite. Nyinyi kwenu ni kudogo mpaka mkitaka kugeuza chapati mnatoka nje. Nyinyi mko masikini mpaka panya wa kwenu anakuja kwetu kuomba unga. Tuliongeana vibaya sana, mamako hivi babako vile, na kesho yake tunagawana mandazi moja. Watu wakiskia mchongoano wanadhani hauna sheria. Uko nazo nyingi, ni vile tu hakuna mahali ziliandikwa.

Sheria ya kwanza, lazima na wewe uwe umeingia. Mtu amepita zake kutoka dukani hachongolewi, hiyo inaitwa kuchokoza. Ya pili, ukichongolewa unapewa nafasi urudishe, watu wananyamaza wanakungoja. Lakini kubwa ya zote ni hii, mchongoano ni uongo. Lazima uwe uongo mkubwa mpaka hakuna mtu anaeza fikiria ni kweli. Hakuna nyumba ya chapati kugeuzwa nje. Ndio maana hauumi.

Kulikuwa na boi mmoja mama yake alikuwa mgonjwa ameletwa nyumbani, kila mtu kwa ploti anajua, usiku tunamskia akikohoa. Hakuna mtu aligusa mamake mwaka mzima, na yeye alikuwa anagusa za kila mtu, tulimwachia tu. Siku moja jamaa mgeni, hata si wa kwetu, akasema kitu juu ya kikohozi. Wueh. Ule ukuta ulinyamaza. Hakuna mtu alimpiga, hakuna mtu alimtukana, wakubwa waliinuka tu mmoja mmoja wakaenda nyumbani na sisi wadogo tukafuata, akabaki peke yake hapo kwa bomba. Tulikuwa na miaka kama kumi na moja na tulijua.

Kwa hivyo ukiniuliza ilipitwa wapi mimi nasema ilipitwa pale pale choma, kabla hata watu wacheke. Bibi yangu ni mwalimu. Nikisema mbele ya watu bibi yangu hajui kusoma anaagiza VAT, atanirudishia moja nikimbie, juu ni uongo. Yako ni kweli, na ni kweli yenye yeye peke yake ndio aliwekewa. Hiyo si kuchongoa. Hakukua na nafasi yako ya kurudisha, ungerudisha nini?

Kinyozi254:

Mimi nitakuwa tofauti kidogo msinirukie. Kila siku bibi yangu ananiita kipara, mbele ya marafiki, mbele ya mama yangu, na sijawahi kosa usingizi. Nyumba bila mzaha ni kama ofisi. Huyu jamaa analipa kodi, anarudi nyumbani, wewe mwenyewe umesema si mbaya. Labda hajui tu kama inakuuma, na kusema kweli ulicheka, sasa angejua aje? Mwambie yaishe, msifanye kitu kidogo kiwe kesi.

ua_la_jioni:

Kinyozi254 asante, sijakasirika, na hapo kwa kucheka uko na haki kidogo, hata mimi najilaumu. Lakini nilimwambia kwa gari. Nilimwambia na maneno, si kwa kununa. Na jibu lake ndio hilo umesoma. Na kipara chako kila mtu anakiona ndugu yangu, haukumwonyesha usiku ukilia.

Kinyozi254:

Hapo kwa gari nilikuwa nimeruka. Nimerudi nikasoma tena. Sina la kusema, pole dada.

MamaMapacha:

Mwanangu, mimi niko Umoja, niko kwa ndoa miaka 24, nimefika humu kwa simu ya msichana wangu lakini hii yako imenifanya nivae miwani.

Nianze na hicho kicheko chako. Usijilaumu kwa ya kwanza, mwanamke akishtuliwa mbele ya watu anacheka, ni kama vile mtu akijikwaa barabarani anaangalia kushoto na kulia kwanza kabla aangalie kidole. Lakini ya pili usicheke. Mzee wangu alikuwa na wimbo wake ati mimi chapati zangu unaeza tengenezea viatu, kila mgeni akija, miaka na miaka, na mimi nacheka naongeza chai. Siku moja shemeji walikuwa wamekuja wote, akaanza, nikaweka sahani chini, sikucheka, sikukasirika, sikutoka. Nilimwangalia tu, na nikangoja. Wewe, hicho kimya! Akaongea mwenyewe, akacheka mwenyewe, akaishia katikati. Usiku aliniuliza shida ni nini, na hapo ndio tuliongea kweli juu yeye ndiye aliuliza. Mzaha unataka watu wawili, wewe ukiacha kubeba upande wako yeye ndio anabaki ameshika mzigo.

Lakini chapati ni chapati. Yako ni nzito kuliko yangu, kwa hivyo usingoje wageni. Ongea naye mapema. Si akiwa ametoka kunywa, si mtoto akiwa macho, na si kwa simu, mambo kama haya kwa simu yanageuka. Mtafute Jumapili akishakula. Usianze na "wewe hunanga heshima" juu hapo atapigana na hilo neno mpaka asubuhi. Mwambie ile siku ya pilau. Mweleze vile wewe uliiona. Inawezekana yeye amesahau alifanya nini pale, wanaume wengi hawajui siku gani walipendwa.

Na mtoto usimwache hivyo. Wazee walisema mzaha mzaha hutunga usaha, na huo usaha ukianza kutokea kwa mdomo wa mtoto basi umeshakuwa wa nyumba nzima. Usimchape, hajui anachosema, amebeba tu. Mkalishe umwambie mama anaenda shule kama wewe, na umwonyeshe kitabu chako. Watoto wanapenda sana kusaidia mtu mkubwa, mwambie akuulize spelingi. Na baba yake lazima amwambie mwenyewe kwa mdomo wake kwamba hilo neno halitumiki tena, juu alilitoa kwake. Hii ya mwisho usilegeze.

Dada_wa_Rongai:

Nakubaliana na mama hapo juu na naongeza kitu kimoja cha sheria, nafanya kazi na mawakili kwa hivyo nakutana na hizi kesi mara mingi.

Watu wengi hapa Kenya wanadhani dhuluma ya nyumbani ni kofi tu. Kuna sheria ya kulinda watu dhidi ya dhuluma za nyumbani ya mwaka wa 2015, na imetaja wazi dhuluma ya maneno na ya kihisia, yaani mwenendo wa kumdhalilisha mtu kwa kumtusi, kumdhihaki na kumwita majina mara kwa mara. Neno la kuangalia hapo ni mwenendo. Mzaha mmoja mbaya si kesi, mtu anaeza teleza ulimi. Lakini profesa kila siku, kisha choma, kisha lile jibu la gari, kisha mtoto amefundishwa, hapo ukipanga kwa laini unaona kitu kinatembea. Na haijalishi kama hamna cheti, sheria hiyo inalinda hata watu wanaokaa nyumba moja bila arusi.

Sisemi uende kortini dada, aki usinielewe vibaya, kutoka kwa unachosema huyu bado ni mtu wa kuongeleshwa. Nasema tu ujue hauko peke yako na hauko mwepesi. Na kwa mtu mwingine anasoma hii na mambo yake yamefika mbali kuliko haya, kuna laini ya bure ya 1195, unapiga usiku ama mchana.

Kitu kimoja cha kuangalia, na mimi hupima nacho. Ukimwambia mtu mzuri kwamba umemuumiza, anashtuka. Anaeza jitetea, anaeza kasirika kidogo, lakini kwanza anashtuka. Huyu wako hakushtuka kwa gari, alitumia jeraha lile lile akakuchoma tena. Choma alikuwa anatafuta kicheko cha watu. Kwa gari hakukuwa na watu wa kucheka. Mimi ningesema hapo kwa gari ndio pabaya zaidi.

dereva_wa_zamani:

Nimesoma hii yote mara mbili na nimeona niandike juu mimi nilikuwa mume kama huyo.

Nilikuwa dereva wa watalii. Machi 2020 ndege za abiria zikasimamishwa, wageni hakuna, wiki mbili kampuni ikatuambia tukae nyumbani, kukaa kukawa ni kukaa kweli. Bibi yangu alikuwa na kibanda cha mitumba Gikomba, nguo za watoto, na Gikomba hata na barakoa watu walikuwa wanakuja. Kwa hivyo unga ni yeye, kodi ni yeye, fizi ya shule ni yeye. Anarudi saa moja jioni kabla ya kafyu amechoka, na mimi nimekaa kwa kochi siku nzima, na nilianza kumwambia, umekuja na harufu ya bale. Mbele ya watoto. Mbele ya jirani, "Huyu ukimkumbatia unaeza pata koti mfukoni." Watu walikuwa wanacheka sana, na naapa kwa hizo dakika nilikuwa naskia kama niko na kazi tena.

Sikumchukia. Nataka hiyo ieleweke. Nilikuwa nampenda hata wakati nasema. Lakini nilikuwa nimekuwa mdogo kwa macho yangu na nilikuwa natafuta mtu wa kuwa mdogo kuniliko, na yeye ndio alikuwa karibu.

Aliniambia mara nne, nimehesabu baadaye, mara nne na kwa njia nzuri. Nilikuwa namwambia amekuwa na hasira tangu aanze kushika pesa. Mara ya tano hakusema, alikuwa anaoga mara mbili akitoka kazini, anakuja kuketi mbali na mimi. Mimi nikaona ati ameacha kulalamika, imeisha. Alihamia kwa dada yake Kitengela na watoto Novemba. Kazi nilipata tena mwaka uliofuata. Tunaongea, ni fizi na hospitali, akimaliza anasema haya na anakata.

Dada, sikujui na mumeo simjui. Lakini kama anaeza soma, mpe hii asome. Mimi hakuna mtu alinipa. Na muulize kama kuna kitu kazini, si kumtetea, ni ujue tu unaongea na nini.

Msee_wa_Jericho:

Bro. Nimekuskia.

hesabu_za_Kayole:

Kidogo tu kwa mwenye uzi, hiyo darasa ya jioni usiache hata kama nyumbani kumechafuka. Mzee Maruge aliingia darasa la kwanza huko Eldoret 2004 akiwa na miaka 84, na sare na kaptura na soksi, na mwaka uliofuata akaenda mpaka New York kuongea juu ya masomo ya bure. Watu walimcheka pia mwanzo. Mimi nilifanya mtihani wa sekondari nikiwa na miaka 31, nimekaa na watoto wa miaka 18 wananiita anko. Neno ngumbaru, yaani mtu mzima anayejifunza kusoma, nilikuwa nikiliskia naskia aibu, sai nalitamka tu. Ukikwama kwa hesabu niandikie kisandukuni, nitakusaidia bure.

ua_la_jioni:

Nimerudi. Asanteni, sikujua watu hawajui jina langu wanaeza keti na mimi hivi.

Niliongea naye Jumapili vile MamaMapacha alisema, ameshakula, mtoto amelala. Nikaanza na pilau. Nilimwambia mimi sikukupenda juu ya kunitoa, nilikupenda juu ulichukua menyu kabla weita acheke, na sasa wewe ndio weita. Sikupanga kusema hivo, ilitoka tu.

Alinyamaza muda mrefu. Mwanzo akasema, lakini si ulicheka. Nikamwambia nilicheka ndio, na hutaniona nikicheka tena. Halafu nikamwambia ya mtoto, na hiyo hakuwa anajua. Dada_wa_Rongai, hapo alishtuka. Aliweka simu chini, akaniuliza mara mbili, "Alisema hivo? Alisema VAT?" Akatoka nje kwa korido akakaa huko. Aliporudi alisema pole, moja tu, na akalala akiangalia ukuta.

Asubuhi alimwambia mtoto mbele yangu kwamba hilo neno lilikuwa kosa lake yeye baba na hataki kuliskia. Alisema vizuri. Mtoto akamuuliza, "Kwa hivyo mama anajua Kiingereza?" akasema, "Anasoma, na wewe ndio utamwangalilia madaftari." Usiku huo homuweki tulifanya sisi watatu, sentensi mbili nilipata kabla ya mtoto.

Ya dereva nilimsomea yote kwa sauti. Hakusema kitu lakini jana ameniambia kazini wamepunguza watu na bosi mpya ni kijana wa miaka 27 ana digrii mbili, anamuita mzee. Ni mara ya kwanza naskia hiyo.

Kitu kimoja bado hatujaelewana. Nimemwambia wale watu kumi na wawili wa Roysambu walicheka mbele yangu, kwa hivyo na pole nataka iwe mbele yao. Anasema itakuwa aibu, itafufua mambo, watu wameshasahau. Mimi najua hawajasahau, mmoja alinipita kwa supamaketi juzi akaniuliza VAT imepanda aje.

Wanakutana tena Ijumaa, pale pale. Nimemwambia nitakuja, na menyu ikiletwa nitaichukua nisome mwenyewe, polepole, na wote watangoja. Atasema atakachosema ama atanyamaza, hiyo ni yake. Wacha niende sasa ni saa kumi na moja na robo, darasa linaanza na nusu na leo tuna dikteshoni.